Mafuta ya nyonyo ya mama mukwe: vile nywele yangu ilikataa kuota wakati ya vita

Wakuu, wavukire. Njo salamu ya asubuhi ya kwetu Banande, muipokee tu.

Naandika Kiswahili ya Butembo. Wa Dar na wa Mombasa munivumilie, mukikuta neno yenye haiwapendezi mupite pembeni sawa vile mutu anapita mulevi mu njia.

Nimeona dada mumoja hapa analia juu ya nywele yake inaisha mbele na katikati, na batu banamupa dawa makumi mbili. Vitunguu, mayai, sijui maji ya muchele.

Mi pia niko na dawa, na inafanya kazi. Mais, lakini ya kwetu, iko na historia yake, na ile historia sijaisemaka ata ku kanisa.

Ningekuwa natunga uongo, ningetunga yenye inanionyesha mutu muzuri. Hii hainionyeshi muzuri, mutaona benyewe.

Ilikuwa vita ya pili ya kwetu Congo. Mwaka sisemi, wenye balikuwa kule banajua.

Tulikuwa tunakaa Butembo, mu Kimemi, batu tatu mu nyumba moja: mi, bwana yangu Kambale, na mama yake. Batoto Mungu alikuwa hajatupa bado.

Kambale alikuwa anachukua maharagi na viazi ku Musienene, kwetu nilikozaliwa, anapandisha mu camion, lori munayosema nyinyi, anaenda kuuzisha Beni. Mama mukwe alikuwa anapika sabuni nyuma ya nyumba. Mafuta ya mawese, maji, na soude, ile dawa kali yenye inageuza mafuta kuwa sabuni. Kwetu nusu ya bamama banajua ile kazi, si kitu ya ajabu.

Siku moja Kambale alipanda camion asubuhi. Camion haikufika.

Baliikuta mu njia, karibu na Beni, milango wazi, viazi imemwagika chini. Chauffeur mwenye alikuwa anaiendesha, hapana. Kambale hapana. Damu pia hapana.

Tukangojea. Ile wakati telephone hatukuwa nayo, njia ilikuwa inafungwa wiki mbili inafunguliwa siku tatu, donc habari ilikuwa inakuya mu kinywa ya bachauffeur tu. Na bachauffeur munabajua, kila mumoja na yake.

Ikapita karibu mwaka. Bazee ba familia bakakaa, bakasema mutu hawezi kubaki hivi bila kilio. Bakasema tumuzike.

Tumuzike nani sasa? Kwetu iko na desturi. Mutu akipotea na mwili haionekani, banakata shina ya mugomba, banaivalisha nguo yake, banaizika. Pastere alipoitwa alikataa, alisema hii si kazi ya kanisa. Mais alituma bibi yake na unga ya kupika, juu kilio ni kilio.

Tukazika ule mugomba na chemise ya Kambale, ile ya mistari ya bluu. Mi niliifua mwenyewe mbele ya kuitoa. Sijui juu ya nini niliifua.

Kisha ikabaki kunyoa.

Kwa ile familia, mujane ananyolewa kichwa yote na mama mukwe, na wembe mupya. Nywele yenye itaota njo inamufungua. Banalaza kidole juu ya kichwa, na siku nywele inafunika kile kidole, matanga imeisha. Anaweza kurudia sokoni, kurudia kwao, ata kuolewa. Mbele ya ile siku, eko bado bibi ya marehemu.

Mi sikuamini kama Kambale alikufa. Mais nilikaa ku kiti nikanyolewa. Kusema kweli nilichoka, nilitaka iishe. Nilikuwa na miaka makumi mbili na ine, wakuu. Munihukumu polepole.

Tulinyolewa batu tano ile siku, mi na bandugu bane ba Kambale. Mwezi ya pili, bane bote bako na nywele.

Mi, hapana. Kichwa ilikuwa inangaa sawa sahani.

Leo najua juu ya nini. Sikuwa nakula, sikuwa nalala, na mutu akipata mushituko kubwa nywele inaweza kusimama miezi mingi bila kuota. Infirmière mumoja, muuguzi wa hospitali, alinielezea hiyo nyuma sana. Ile wakati nani angenielezea?

Bamama ku fontaine, pale tunachota maji, balianza kuniangalia. Nikifika na bidon yangu, mazungumzo inakatika. Mumoja alisema, kwa sauti ya kunifikia, kama mujane mwenye kichwa inakataa kufunguka kuna kitu anaficha.

Mama mukwe, yeye, alikuwa anafurahi.

Kila asubuhi alikuwa ananiita, anatosha kitambaa, ni kusema anakitoa, anapitisha mukono mu kichwa yangu polepole sawa mutu anatafuta sindano. Akikuta hakuna kitu, anatabasamu, anarudia ku sufuria zake za sabuni. Hapo njo nilianza kuogopa.

Mwezi ya tatu, chauffeur mumoja akaleta habari. Alisema mutu alimuona Kambale ku barrière moja, kizuizi ya njia, upande ya Beni, anabeba masanduku ya batu ya silaha. Amekonda, mais muzima.

Mama mukwe alicheza ngoma mu parcelle, mu uwanja ya nyumba. Kisha akanishika mikono mbili na akaniambia:

“Masika, nywele inajua. Tulimunyolea mutu mwenye eko muzima, njo maana inakataa.”

Nililia kwa furaha, nanyi mungelia. Mais nyuma ya wiki mbili hakuna habari ingine, na ku fontaine mudomo iko palepale. Nikajiambia Masika, hata kama bwana eko hai, atakuta bibi wa kichwa ya mayai? Nikaanza dawa.

Sasa sikilizeni, dada mwenye uliuliza, hii njo sehemu yako.

Chukua mbegu ya nyonyo. Kaanga kidogo, usiunguze. Twanga mpaka inakuwa sawa udongo. Tia maji, pika moto mudogo, mafuta itapanda juu, ichote na kijiko. Hiyo mafuta ipashe joto kidogo, paka na ncha ya vidole, si makucha, na uzungushe ngozi dakika kumi. Mara mbili ao tatu mu wiki. Sabuni ya kufulia nguo usiweke mu kichwa. Misuko ya kuvuta mpaka macho inakuwa ya Muchina, acha. Na ule: maharagi, sombe (kisamvu), mayai, avocat. Nywele haioteke mu tumbo ya njaa.

Nilifanya hiyo mwenyewe, wiki ine ao tano. Siku moja nikapitisha mukono, nikasikia kitu. Nywele ndogo, sawa ya mutoto muchanga.

Nilikuwa bado natabasamu mbele ya kioo, mutu akabisha hodi. Chauffeur mwingine. Aliokota mukaba, mukanda wa suruali, mu njia ya Beni, na mufanyakazi wake alijua ni ya nani. Mukaba ya Kambale, na ile tundu ya sita alitoboa mwenyewe na musumari.

Mama mukwe alipokea ule mukaba. Akauangalia. Kisha akaangalia kichwa yangu.

Ile siku akaniambia kama kichwa ya mujane haipakwe na mukono yake mwenyewe, ni mwiko, yeye njo atakuwa ananipaka. Mi ni mutoto wa Musienene, nilioleka mu nyumba ya batu, kila familia iko na miiko yake. Nikasema sawa, mama.

Donc kila posho, maana yake Jumamosi kwa wenye hawajui, ananikalisha ku kiti kidogo nyuma ya nyumba. Anakuya na chupa yake. Ananipaka.

Ilikuwa inachoma. Inachoma mpaka machozi inatoka yenyewe. Nikimwambia, anasema inachoma juu inafanya kazi. Na nilimwamini. Musinicheke, bamama. Nyinyi wote mulishakaa mu coiffure na défrisant, dawa ya kunyoosha nywele, inawachoma mpaka munashika kiti, na hamukusema kitu juu ya kutaka nywele ya kulala.

Ile nywele ndogo ikaanguka yote. Ngozi ikawa inabanduka sawa ganda ya kitunguu.

Na ile mwezi, habari ikakuya. Mufanyabiashara mumoja alikutana na mutu mwenye alituma salamu: mama ya Kambale wa Kimemi aambiwe mutoto yake alitoroka mu pori, eko hai, njia njo inamushinda.

Wakuu, mi ni Muprotestanti. Nilibatizwa, naimba chorale. Mais hapo nilianza kuhesabu mwenyewe. Kichwa tupu, habari muzuri. Nywele kidogo, habari mubaya. Nilihesabu mara ya kwanza, nikahesabu mara ya pili, ikatoka vile vile.

Nikafika mahali nilikuwa nataka nywele na naiogopa. Naamka, mukono inaenda ku kichwa mbele ya kusali.

Na kitu ingine. Mama mukwe akiwa ananipaka, alikuwa anaongea. Si na mi. Alikuwa anainamisha kinywa karibu na kichwa yangu na kusema pole pole, “Bado, mutoto wangu. Bado kidogo.” Mi hajaniitaka mutoto wake ata siku moja, aliniitaka Masika.

Nilitaka kuamka. Mais nilibaki ku kiti. Ningeenda wapi?

Ikapita mingi. Sina haja ya kuwachosha. Kichwa ilibaki vile, njia ilibaki vile, na mara moja moja salamu inapenya: eko hai.

Kisha dada yangu Kavira akazaa kule Musienene, na wakati ya kuvuna maharagi ilikuwa imefika, hakuna mutu wa kumusaidia. Mama mukwe alikataa nisiende. Kavira akatuma mutu mara ya pili. Akaniachia, mais alinipa chupa mu mukono na akanishikisha vidole vyangu juu yake, akasema nisikose ata posho moja.

Nilienda kwa wiki mbili. Njia ikafungwa, ikawa miezi mbili.

Chupa yenyewe haikumaliza wiki tatu. Kavira njo aliichukua kuisafisha, aweke mafuta ya taa ndani. Akatia maji, akatikisa.

Povu ikapanda mpaka ikatoka ku mudomo ya chupa.

Akaniita. Alinionyesha. Tuliangalia ile povu sisi wote bawili, na mutoto analia ndani ya nyumba na hatumusikii. Mafuta ya nyonyo haitokeshake povu, ata uitikise mpaka kesho. Yenye inatoka povu ni mafuta yenye iliwekwa soude.

Nilikasirika, wakuu. Nilikasirika vile sijakasirikaka mbele ya pale wala nyuma yake. Mwaka muzima na zaidi nilikaa ku kile kiti na kusema asante mama. Bamama ku fontaine balinitema, na yeye njo alikuwa ananiunguza kila wiki na dawa ya sabuni.

Kavira alitupa chupa mu choo. Tukapika mafuta ingine, safi, ile niliwaelezea pale juu.

Ngozi ikapoa. Wiki ya kwanza kuwasha ikaisha. Wiki ya pili nywele ikaota, kote, ata pale mbele. Ilikuwa laini kupita yangu ya zamani, na ilikuwa inalala upande moja, ata nikiichana namna gani. Kavira alisema ni nywele ya mupya, itakomaa.

Siku ya pili moja, ni kusema Jumanne, tulikuwa tumeanika maharagi mu lupango, mu uwanja ya Kavira. Jua ilikuwa kali. Kavira akaniambia nitoshe kitambaa, akalaza kidole yake katikati ya kichwa.

Kidole haikuonekana.

“Umefunguliwa,” akasema.

Tulicheka, kisha nikalia, kisha tukachoma viazi tukakula na chumvi. Nilijisikia mwepesi. Ndiyo, naandika hivyo, nilijisikia mwepesi, na ile njo kitu siwezi kujisamehe.

Njia ikafunguka siku ya tano, Ijumaa. Nikarudia Butembo na maneno yangu yote imepangwa mu kinywa.

Nilimukuta nyuma ya nyumba, anakoroga sabuni. Sikusalimia. Nilitosha kitambaa tu.

Mwiko ya kukorogea ikamutoka mu mukono.

Nikamwambia kama nilijua yote, soude na yote. Nikamuuliza nilimukosea nini. Hakukana. Hakuomba ata pole. Alifuta mikono ku kikwembe yenye alivaa na akaniangalia muzuri.

“Weye ulikuwa unachunga kichwa,” akasema. “Mi nilikuwa nachunga mutoto.”

Kisha akaniuliza ilifunika kidole siku gani.

Nikamwambia siku ya pili.

Alizima moto, na sabuni ilikuwa haijaiva. Mwenye anajua ile kazi atanielewa: hakuna mama anaacha sabuni katikati, inaharibika yote. Aliiacha.

Siku ya Mungu, Jumapili, tulikuwa tumetoka ku kanisa, muzee mumoja akafika mu parcelle. Shemasi wa kanisa moja ya kijijini, ng'ambo ya Beni. Alitosha kofia akaishika mbele ya tumbo, na sisi wote tukajua.

Alieleza bila haraka. Kambale alitoroka mu pori na miguu imeharibika, hawezi kutembea mbali. Yeye na bibi yake balimupokea mu nyumba yao. Alikaa kwao mwaka na zaidi. Ile salamu zote ni yeye alizituma, yeye kweli. Kila mara alikuwa anasema njia ikitulia atapanda camion.

Alikuwa muzima, wakuu. Ile wakati yote.

Nyuma yake homa ikamushika, haikumuachia. Alikufa ile siku ya pili, Jumanne, mu muchana. Balimuzika kesho yake.

Nilikuwa nimesimama karibu na mulango, nikashika ubao.

Muzee akaongeza kitu yenye hakuna mutu alimuuliza. Alisema ile homa ilikuwa ya ajabu, ilimumaliza nywele. Asubuhi bibi yake alikuwa anaiokota ku mukeka, mikono yenye kujaa. Siku alikufa, kichwa ilikuwa tupu sawa ya mutoto.

Mama mukwe aliuliza swali moja tu, nywele ilianza kuanguka lini.

Muzee akafikiri. Akasema ni wakati balikuwa katikati ya kuvuna maharagi.

Sijui niwaelezeye namna gani. Nilisikia kila unywele mu kichwa yangu, moja moja. Nilitaka kuitosha na kuiweka pale chini.

Familia ikakusanyika. Sasa ilikuwa kilio ya kweli, na desturi iko wazi: mujane anyolewe tena. Balileta kiti, balileta wembe mupya mu karatasi yake. Nilikaa. Nilikuwa nangojea wembe kwa hamu, ninyolewe, niishe nayo.

Mama mukwe akakuya nyuma yangu. Akatosha kitambaa. Akaweka mukono, akasukuma ile nywele upande moja na ikalala yenyewe.

Mukono ukabaki pale.

“Hii hapana,” akasema. “Hii ni ya mutoto wangu. Muiache.”

Akarudisha wembe mu karatasi. Hakuna mutu alikubali kuushika nyuma yake, ata mushangazi wa Kambale mwenye haogopake kitu.

Nilikuwa nimefunguliwa, ningerudia kwetu. Sikurudia. Nilibaki naye, bajane bawili mu nyumba moja, miaka mingi. Tulipika sabuni pamoja. Na kila posho alikuwa ananikalisha ku kile kiti na kunipaka mafuta ya nyonyo, safi, ya joto kidogo, na haikunichoma tena ata siku moja. Alikuwa anaichana na kuielezea habari ya wiki. Nani ameoa, nani amerudi, bei ya mawese. Haikuwa mi alikuwa anaongea naye.

Bon. Mambo ya kujifunza, juu najua bamoja walipita juu wakakimbilia hapa.

Mafuta ya kuotesha nywele haichomake. Ikichoma, osha, acha, ata kama anayekupaka ni mama yako. Homa kali inaangusha nywele, ni kitu ya kawaida, infirmière yule yule alinieleza. Mushituko inaisimamisha. Njaa pia. Yote iko na maelezo yake, na mi nayajua yote kwa kichwa, nayasemaka kila siku.

Na familia yenye iko na mutu amepotea, musifanye kilio mbele ya kuona mwili. Mungojee. Naomba tu hiyo.

Mais nikiwa peke yangu nahesabu tena. Miezi yote yenye yule mama alikuwa ananiunguza, Kambale alikuwa anaamka, anakunywa chai ya yule muzee, anauliza kama njia imetulia. Mi nilipumzisha kichwa yangu wiki tano ao sita tu.

Kuna siku najiambia ningejua, ningerudia ku kile kiti nikasema choma, mama. Kuna siku ingine nasema hapana, nilikuwa na miaka makumi mbili na ine na nilikuwa na haki ya nywele yangu. Zote mbili ni kweli na sijui kuzipatanisha.

Sasa nyinyi semeni. Ata wa kunitukana, nitasoma. Ungekuwa weye pale Musienene, chupa inatoka povu mbele yako, na bwana yako haujui eko wapi, ungepaka mafuta gani?